Nilisikia kwenye simu asilolijua rafiki yangu

Kisa hiki tumeletewa na msomaji wetu wa pwani. Jina lake tunalo, nalo litabaki kwetu.

Bwana Mhariri na ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mwenyeji wa Dunda, Bagamoyo. Nina mke na mtoto mmoja. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema yote, hata yale yanayonivunjia heshima.

Nilikuwa askari kwenye vita vya Burma. Kazi yangu ilikuwa simu: kutandaza waya msituni na kukaa nao sikioni. Tulifundishwa jambo moja kwa ukali: ukishawaunganisha wakubwa wawili, usiondoke kwenye waya mpaka wamalize, maana ukikatika bila wewe kujua, watu wanakufa. Aliyenifundisha ni mwenzangu wa Mapinga, nitamwita Saidi. Wengine walinicheka kwa uzito wa mkono wangu. Yeye alikaa nami mpaka nikaweza.

Tuliporudi nilikaa nyumbani miezi mingi bila kazi, nikigombana na kila mtu, hata kuku wa mama. Saidi alikuwa ameshapata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni kubwa ya simu. Akanisemea kwa wakubwa wake, nikachukuliwa. Sasa tumepanga chumba kimoja mjini, na familia zetu ziko nyumbani. Tunakaa mbele ya ubao wenye matundu. Mtu akipiga, tunachomeka waya kwa yule anayemtaka. Ila huku sheria ni kinyume cha jeshini. Watu wakianza kuzungumza, unatoa sikio lako. Tuliapishwa kwa msahafu kwamba hatutasikiliza wala kutangaza maneno ya watu.

Juma lililopita bwana mkubwa wetu aliomba Nairobi. Nikamuunganisha. Waya ulikuwa unakwaruza, nami, wallahi bila kukusudia, nikabaki nasikiliza kama niko Burma. Kiingereza cha jeshini kinanitosha. Nikamsikia akisema, "Wale askari wawili, mmoja nitamtoa mwisho wa mwezi. Yule mrefu anauliza mno. Mwenzake ukimwambia kaa, anakaa. Huyo nitabaki naye."

Mrefu ni Saidi. Anayekaa ni mimi. Na ni kweli Saidi alikwenda kuuliza kwa nini sisi tulioijua kazi hii vitani tunaitwa wanafunzi mpaka leo. Aliuliza kwa ajili yetu sote wawili. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama viatu vyangu. Kwa hiyo sifa ile iliniuma kuliko tusi.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka sijui niendako. Na lililonizidishia ni hili. Jumapili Saidi alinichukua kwao Mapinga. Marehemu baba yake alimwachia shamba la minazi, na baba yake mdogo amekuwa akilitaka kwa muda mrefu. Saidi amekubali kumwachia moja kwa moja, mbele ya mashahidi, baada ya wiki mbili, ili mke na watoto wanaolitunza awahamishie mjini.

Akaniambia, "Bwana, mimi sasa ni mtu wa simu, minazi ya nini? Na shahidi wangu ni wewe."

Nikamjibu, "Inshallah, ndugu yangu." Neno hilo linanisuta mpaka leo. Kwao mtu akishatoa shamba mbele ya mashahidi, halirudi.

Nikaenda Dunda kwa mama. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama usoni, akasema, "Umekonda. Sema." Nikamweleza, nikamalizia kwamba nimefungwa na kiapo, na maneno ya watu ni amana.

Mama akasema, "Amana ni kitu ulichopewa, mwanangu. Hiyo hukupewa, umeichukua. Na kitu cha kuchukua hurudishwa kwa mwenyewe. Mwenyewe ni nani, si Saidi?"

Lakini nikimwambia Saidi, yeye hajui kunyamaza; ataingia kwa bwana mkubwa siku hiyo hiyo, na itajulikana nani alisikiliza. Tutatoka wote wawili. Nami, wasomaji wangu, naipenda kazi hii. Mbele ya ubao ule tu ndipo ninapotulia tangu nirudi vitani. Najitetea kwa kiapo, kumbe ninachokilinda ni kiti changu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nimebadilisha jina lake. Minazi nimeiacha kama ilivyo, Mapinga nimeiacha, na urefu wake nimeuacha, ili akisoma ajijue. Kila Jumamosi Saidi hununua gazeti hili, akakaa kitandani akausoma ukurasa huu kwa sauti, mimi nikichemsha chai. Nishaurini upesi, ndugu zangu: nimwambie kwa kinywa changu kabla hajalifungua gazeti, au ninyamaze nimwache asome?