Maji ya Mtutuni

Maji ya bustani ya Maua yalipita ndani ya mitutu ya bunduki. Marehemu mumewe, aliyekuwa akiuza chumvi na vitambaa hapo Nkwenda, alikusanya magobori mabovu yasiyofyatuka tena, akampelekea mhunzi wa Kinyambo. Mhunzi aling'oa vizibo vya nyuma, na mitutu ikaunganishwa kwa nta na vipande vya lubugo, nguo ya gome la mti, ule wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, hadi bomba likalala ardhini kutoka kwenye chemchemi iliyo kando ya migomba ya jirani yao Zubeiri mpaka uani kwa Maua, penye vitunguu na milimau. Watu walitoka Kaisho kuja kuitazama bunduki inayotema maji.

Eda ilipokwisha, Zubeiri alileta posa. Alikuwa rafiki wa marehemu, mjane naye, duka lake limepakana na la Maua. Maua aliomba apewe muda wa kufikiri. Zubeiri hakunung'unika, ila alipokuwa akiaga alisema kwa upole, "Shemeji, mwanamke peke yake na shida za maji atazimudu vipi?"

Maua alibaki mlangoni. Shida zipi za maji? Hakuwa na shida yoyote ya maji. Mtu hutajaje shida ambayo haijaja, kama si yeye atakayeileta?

Kesho yake alianza kupima. Siku bomba lilipotoa maji kwa mara ya kwanza, yeye na mumewe walikinga mtungi, wakawa wanasoma Kul-huwallahu, na kila ikiisha wanaweka harage moja kando. Mtungi ulijaa kwenye harage la kumi na mbili. Sasa aliukinga mtungi ule ule, akasoma, akahesabu. Kumi na tano.

Asubuhi iliyofuata alimwona Zubeiri karibu na chemchemi, jembe begani. Akapima tena. Kumi na saba. Alipochungulia juu ya ua, migomba ya jirani ilionekana imenenepa, majani yamenawiri kupita yalivyokuwa. Au macho yake tu? Akapima mara ya tatu, meno yamekazana. Kumi na nane.

"Ananibana, shangazi," alimwambia shangazi yake Mwajabu, aliyekuwa akikaa naye.

"Nani tena?"

"Zubeiri. Anayakata maji kule juu."

"Mwanamume anayekutaka akuibie maji?"

"Ndiyo hasa! Anataka nikauke mpaka niseme ndiyo."

Shangazi alicheka hadi akajifuta macho. "Wenzio huletewa hina, wewe unaletewa ukame! Mwite, mwanangu. Mseme mbele yangu."

Zubeiri aliitwa, akaja na kanzu safi mno kwa mtu aliyeitwa kusemwa. Hilo nalo Maua aliliona. Zubeiri alimwamkia shangazi, akasikiliza shutuma mpaka mwisho, akaapa kwamba jembe lile lilikuwa la kupalilia.

"Kuapa ni rahisi," Maua alisema. "Pima mwenyewe."

Wakakinga mtungi. Maua alisoma upande wake, Zubeiri upande wake, kila mmoja na maharage yake, hadi maji yakafurika. Wakahesabu. Maua alikuwa na kumi na nane. Zubeiri alikuwa na kumi na moja.

"Umeficha mengine," Maua alisema.

"Nifiche harage, shemeji? Wapi?"

"Mtungi mmoja, maji mamoja," shangazi alidakia. "Ewe binti, ulikuwa unasoma au unafukuza ng'ombe? Sikusikia hata herufi moja ikitimia. Hebu soma kama unavyosoma kwenye mswala."

Wakamwaga maji. Safari hii Maua alifumba macho, akaipa kila aya haki yake, akavuta pumzi palipostahili. Mtungi ukajaa kwenye harage la kumi na mbili, kama zamani. Masikio yakamwaka moto. Maji hayakuwa yamepungua hata tone. Hasira zake ndizo zilizokuwa zikikimbia, na kila alivyozidi kushuku ndivyo alivyozidi kukimbia.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Maji yapo."

Zubeiri aliinamisha kichwa. Ingeweza kuishia hapo, lakini Maua alikuwa bado anayatazama maharage. "Ila wewe ulipata kumi na moja. Umesoma polepole kuliko mswalani. Kwa nini?"

Zubeiri alichezea ukosi wa kanzu. "Nilikuwa navuta ili nikae hapa zaidi."

"Mtungi hujaa kwa maji, Bwana Zubeiri. Haungoji kisomo chako."

"Sasa ndiyo nimefahamu."

Shangazi alijifunika mdomo kwa kanga. Maua alimkazia macho yule mwanamume. Jibu la kijinga kiasi kile lingeweza kutoka kwa mtu mkweli kabisa. Lingeweza pia kutoka kwa mjanja aliyekubuhu.

"Nenda kwa kaka yangu Gharib Ijumaa," alisema mwishowe. "Kamwambie maneno hayo hayo uliyoniambia mimi."

"Ndiyo kusema umekubali?"

"Ndiyo kusema nitakuwa nyuma ya pazia, nasikiliza kama yatabadilika."