Zabuni ya Baba

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili kazini halmashauri ilipoamua kujenga soko la kudumu. Katika ofisi ile ya Mpanda mpiga taipu nilikuwa peke yangu, msichana wa darasa la nane niliyefundishwa mashine na masista wa misheni, na karibu kila karatasi iliyotoka mle ndani ilipitia vidoleni mwangu. Habari za soko nilizijua kabla ya wauzaji wenyewe. Yangejengwa maduka kumi na mawili ya tofali za kuchoma, yazunguke ukumbi wenye meza za saruji na paa la bati. Wakati huo wauza mchele na wauza migebuka, samaki wakavu wa ziwani, walikuwa wanatandika magunia chini, na mvua ikija kila mtu anakumbatia cha kwake na kukimbia.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Alizaliwa Mpimbwe, kwenye mpunga, lakini akiwa kijana alichukuliwa na mapadre kubeba udongo wa kujengea kanisa, na kabla kanisa halijaisha alikuwa anapanga tofali. Baadaye alijenga nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Mgodi ulipofungwa, wenzake wengi waliondoka na treni. Yeye alibaki mjini, akajenga nyumba za watu, moja baada ya nyingine. Shule ya ufundi hakuijua. Kusoma alisoma kwa taabu, akichezesha midomo.

Tangazo la zabuni nililipiga mimi, kwa Kiingereza, maana mambo mazito bado yaliandikwa hivyo. Sharti la tano lilisema mwombaji awe mkandarasi aliyesajiliwa serikalini na aambatanishe cheti chake. Nililipiga kama nilivyopiga mengine, bila kuwaza.

Siku iliyofuata baba alirudi nyumbani na habari hizo kama mtu aliyeitwa arusini. Aliwakusanya mafundi watano aliozoea kufanya nao kazi. Kila jioni kwa wiki nzima walikaa uani kwetu wakipima kwa vijiti, wakibishana juu ya mchanga wa mto upi na tofali za tanuru lipi. Mama aliwapikia uji wa ulezi. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akiongea kwa sauti kubwa namna ile.

Akaja kwangu na maelezo yao. Aliniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama, tuandikie. Weka na kanisa. Weka na nyumba za mgodi, zote zimesimama mpaka leo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema tu, "Baba, wanataka cheti." Maneno yenyewe hayakuzidi pumzi moja. Lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama, amenyoa ndevu kwa ajili ya barua, nikashindwa. Nikajiambia labda wajumbe watalipita sharti lile, kwa kuwa wanamfahamu. Niliipiga barua vizuri kuliko barua yoyote niliyowahi kuipiga, na baba akaitia sahihi yake, herufi moja moja.

Siku ya kufungua zabuni niliketi pembeni kuandika yaliyosemwa. Barua zilikuwa tatu. Ya baba ilipofika, mwenyekiti aliishika kwa muda.

"Huyu mzee ndiye aliyejenga nyumba yangu," alisema.

"Hata mimi amenijengea jiko," alisema Ofisa Mtendaji. "Lakini cheti kiko wapi?"

"Kwani cheti kinajenga?" aliuliza mjumbe mmoja, na wengine wakacheka.

Ofisa Mtendaji hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo siwezi kumsema vibaya. "Tukimpa huyu, mkoani wataturudishia faili," alisema. "Nyie mnataka soko au hamtaki?"

Walilitaka soko. Kazi ikapewa kampuni moja ya Tabora, na barua ya kumkatalia baba nikaandika mimi, kwa sababu hakuwepo mtu mwingine wa kuiandika. Nilikwenda nayo nyumbani mkononi. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikalipita lile neno la cheti, nikasema tu kwamba wamechagua wengine. Aliuliza kama hao wengine watahitaji waashi.

Waliwahitaji. Wauzaji walihamishiwa kando ya reli, wakaambiwa ni kwa miezi michache, na msingi ukaanza kuchimbwa. Baba aliajiriwa kama kibarua wa siku, yeye na wenzake wawili. Wiki ya pili alirudi bila kuoga, akaketi mlangoni.

"Upande wa chini kule ni udongo mweusi wa mbuga," alisema. "Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Lazima uchimbe mpaka ukutane na moramu, ule udongo mgumu wa changarawe. Wao wameishia futi tatu."

"Umemwambia msimamizi wa kampuni?"

"Nimemwambia. Amenionyesha ramani. Ramani inasema futi tatu."

Aliniomba niandike barua kwa halmashauri. Safari hii nilifurahi kuandika, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli na hakikuhitaji cheti. Ofisa Mtendaji aliisoma mbele yangu, akakuna shingo. Alisema hapa hatuna mhandisi, itabidi iende mkoani Tabora. Ikaenda. Hatukupata jibu. Nadhani msimamizi alisikia habari za barua ile, maana siku chache baadaye baba aliambiwa asirudi tena. Wenzake wawili waliendelea na kazi, na walipopita kwetu walisalimia bila kusimama.

Kuta zilipanda hadi linta, juu ya milango. Halafu saruji ikakatika. Kila treni ya kutoka Kaliua ilipoingia nilimwona msimamizi stesheni akipekua mabehewa, na kila mara alirudi na mikono mitupu. Mvua za masika zilipoanza, kuta zilikuwa wazi bila paa. Ukuta wa chini ulipasuka kuanzia chini kwenda juu, ufa unaopitisha mkono. Baada ya wiki mbili pembe yake ilianguka, mchana, na bahati hakuwepo mtu. Msimamizi alipanda treni kwenda kuuliza wakubwa wake wamwambie la kufanya, na hakurudi.

Nilidhani baba angekwenda kusimama pale aseme, "Niliwaambia." Hakwenda hata kutazama. Kwa miezi mingi alikuwa anapita njia ya nyuma ili asipaone.

Kisha halmashauri zenyewe zikavunjwa, nchi nzima. Tulisikia redioni kama watu wengine. Waliokuja badala yao walikuwa na mipango yao, na soko letu halikuwemo. Niliagizwa kufunga mafaili kwa kamba ya katani, na nilipofika faili la soko nilikuta barua zote mbili za baba zimebanwa pamoja na tangazo. Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani saa ya chakula.

Alikuwa anakula peke yake. Nilimweleza habari za sharti la tano.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Kabla hujaniletea maelezo."

Alitafuna, akameza. Kwa mara ya kwanza hakuniita mama. Akaniita kwa jina langu, lile la ubatizo, akasema, "Wale watano walikuwa wanaacha kazi za watu kuja kukaa hapa uani."

Nikasema, "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe," alisema, lakini alisema kwa haraka, kama mtu anayefukuza inzi, akanawa mikono.

Mwaka ule aliuza kiwanja, akarudi Mpimbwe na mama kulima mpunga. Mwiko na timazi alimpa fundi mwingine. Nilikuwa nawatembelea kila Krismasi. Tulizungumza juu ya ndege waharibifu, bei ya magunia, afya ya mama. Nyumba yao ya huko ilikuwa ya miti na udongo, imeinama upande mmoja, na alipoulizwa kwa nini fundi analala kwenye nyumba kama ile, alisema anazeeka.

Wauza mchele walibaki kando ya reli. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyeuza mchele wa kwetu, kila nilipopita kutoka kazini aliniuliza, "Mwanangu wa ofisini, soko lini?" Mwanzoni nilimjibu kwamba bado kidogo. Mwishowe nilianza kununua mchele mahali pengine.