Mistari Iliyompeleka Ng'ombe wa Baba Murungu

Najua wengine mmeiona ile video, kwa hiyo sina haja ya kujificha. Yule mwenye suti kubwa kuliko mwili, anayemnyooshea mchungaji kipaza sauti, ni mimi, na aibu bado ninayo, ila siku hizi naweza kusimulia bila kufunika uso.

Ilianzia dukani kwa rafiki yangu Hamisi, muuza vitenge hapa Kasulu mjini, tukibishana kuhusu wanahiphop wawili, Radi Kavu, mkongwe tuliyekua tukimsikia redioni, na Kijana Moshi, huyu wa sasa anayejaza viwanja. Hamisi alisema mkongwe amekwisha, watoto hata jina lake hawalijui. Mimi nikasema kujaza uwanja ni kitu kimoja na kuacha alama ni kingine, huyo Moshi mwenyewe anavyokata pumzi, anavyoficha fumbo mwisho wa mstari, vyote kavitoa kwa Radi, awe anajua au hajui.

"Alama gani isiyoonekana?" Hamisi akauliza.

Hapo ndipo nilipojiponza. Nikamwambia Jumamosi, kwenye harusi ya dada yangu Neema, nitaanza mstari mmoja tu wa Radi na ukumbi mzima utaumalizia. (Kazi niliyopewa na Baba ilikuwa kushukuru wageni kwa niaba ya kaka zake bibi harusi, basi.)

Harusi ilikuwa kwetu Makere, na wakwe walitoka Murungu kule Kibondo, watu wenye asili ya Burundi, wapole, wametulia vitini. Nikashukuru vizuri, kisha nikamkonyeza DJ, mdundo ukaanza, nikaghani ule mstari na kuwanyooshea kipaza sauti. Kimya. Nikarudia, safari hii nikimnyooshea mchungaji aliyekuwa karibu, naye akasema taratibu, "Amina." Kule nyuma Hamisi ameinamia meza, mabega yanatikisika.

Mwenye akili angekaa, lakini mdundo unaendelea na mstari wa pili nimeusahau, kwa hiyo nikaanza kubuni chochote kilichonijia, na kilichonijia (labda kwa kuwa asubuhi ndiye niliyemkamua) ni Bihogo, ng'ombe pekee wa Baba. Nikasifu pembe, nikasifu mwendo, nikasema maziwa yake yanajaza chungu, nikatafuta neno la kulandana na chungu, nikalipata: leo anahamia Murungu.

Babu wa bwana harusi akasimama, akainua fimbo. "Amashyo," akasema, na wakwe wote wakaitika, "Amashongore," yaani wanatakiana mifugo mingi, kisha akaanza kumwaga sifa za ng'ombe kwa Kirundi, mbio mbio, bila kuvuta pumzi, juu ya mdundo uleule, na ukumbi ukalipuka, akina mama vigelegele, vijana simu juu. Nilidhani ameniokoa. Alipomaliza akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mjukuu wangu. Tumempokea."

"Nani, babu?"

"Ng'ombe. Kwetu, ukimsifu mbele ya wakwe ukataja na anakokwenda, umeshamtoa."

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama keki. Kisha akasimama mbele ya watu, akasema ni kweli, ndivyo familia ilivyoamua. Tulipofika nyumbani akaniambia maneno machache tu: "Hukuniuliza. Utampeleka mwenyewe."

Nikampeleka, juu ya fuso, nimeshika kamba njia nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Walinipokea kama mtu mkubwa, na babu akaahidi ndama wa kwanza atarudi Makere, ndiyo desturi yao. Wakati wa kuondoka Neema alinisindikiza mpaka barabarani.

"Nilikuwa naogopa kukaa huku peke yangu," akaniambia. "Sasa nikiamka nakuta mtu wa nyumbani zizini."

Nikapanda fuso. Hamisi naye anasema ubishi umekwisha, aliyetuachia alama ni babu, maana vijana wa pale stendi sasa wanaghani kwa kasi yake.

Baba ameshanisamehe, nadhani. Ila nimejiwekea nadhiri, mdogo wetu wa mwisho akiolewa, mimi nitakuwa jikoni nageuza pilau, na atakayeniletea kipaza sauti nitampa mwiko.