Tetere Aliyezuia Bomba

Selestina wa Mnyambe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Helena, alikuwa na goti bovu na bati mpya ishirini. Goti lilimharibikia kwa miaka thelathini ya kuteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Bati alizipata mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Newala na malori yao kugombea korosho. Akaondoa nyasi, akaezeka, akachimbisha na tangi la maji ya mvua uani. Goti langu, sasa pumzika! Lilibaki jambo moja tu, fundi aunganishe bomba kutoka mfereji wa paa hadi tangini.

Fundi alikuja Novemba, mawingu yameshatanda. Akapanda ngazi, akachungulia. "Mama, hapa pa kupitishia bomba kalalia tetere. Nimtoe?"

Selestina alimjua ndege huyo wa kijivu, mwenye ukosi mweusi nyuma ya shingo. Kila siku alishuka kwenye beseni la vyombo, akazamisha mdomo na kuvuta maji mfululizo bila kuinua kichwa, si kama kuku. Tetere huyo na dume lake walipokezana kulalia mayai mawili meupe juu ya vijiti vichache, kiota cha ovyo kabisa. Lakini bila maji hawakumaliza siku.

"Mwache," akasema. "Anayejua kiu havunji nyumba ya mwenye kiu. Utarudi makinda wakiruka."

Jirani yake Nurdin, aliyeezeka bati na kuchimba tangi mwaka uleule, alicheka mpaka akakohoa. "Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Mvua ikimwagika bure, Mama Helena, utateremka bondeni na goti hilo?"

Baada ya wiki mbili mvua ya kwanza ikapiga. Ya Nurdin yote ikaingia tangini. Ya Selestina ikamwagika uani, naye kasimama mlangoni machozi yanamlenga. Kusema kweli, alijuta. Kesho yake akajitwika ndoo, akateremka akichechemea.

Aliporudi alikuta kelele kwa Nurdin. Tangi lote la njano, linanuka salfa, hata mbuzi wameyakataa maji! Jamani, nani angekumbuka? Tangu Juni wakulima walikuwa wakipulizia mikorosho salfa ya unga kuzuia ukungu, na vumbi lake lote likatua kwenye bati. Enzi za nyasi hakuna aliyevuna maji ya paa, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mvua ya kwanza huachwa ioshe paa.

Makinda wakaruka, fundi akarudi, mvua ya pili ikajaza tangi la Selestina maji safi. Alionja kwa kata, akakaa chini akamshukuru Mungu kwa sauti, bila kumwonea mtu haya.

Nurdin, ambaye bado alikuwa akikomba tangi lake, alikuja na ndoo. "Nimekuja kwa aibu, Mama Helena."

"Chota, Baba Mwanaisha, chota ujaze. Ila asante yako si yangu." Akamwonyesha beseni, tetere wawili wakinywa.

Nurdin akavua kofia. "Shikamooni," akasema.

Hawakuinua vichwa. Walikuwa wanakunywa.