Vikaratasi Kumi na Kimoja

Mjomba wangu hajawahi kushika gongo la besiboli, na sijui kama Maskati nzima lipo hata moja. Lakini kwa miaka kumi na minne ameendesha ligi ya timu nane sebuleni kwetu, mtaa wa Hail, juu ya meza ya kahawa, na mimi nimekuwa naye tangu msimu wa kwanza.

Mchezo wote unaingia ndani ya boksi moja la kadibodi. Mna kadi, na kila kadi ni mchezaji mmoja wa kweli aliyewahi kucheza Marekani msimu mmoja wa zamani. Kwenye kadi kuna safu ya nambari, mbili hadi kumi na mbili, na kila nambari ina tukio lake: mpira umedakwa, mpigaji amefika kituo cha kwanza, mpira umevuka ukuta. Unarusha dadu mbili, unajumlisha, unasoma kilichompata mpigaji. Basi. Mjomba aliniambia kwamba Wamarekani wamekuwa wakibuni michezo ya namna hii kwa zaidi ya miaka mia. Mwanzo ulikuwa mshale unaozungushwa juu ya duara la karatasi. Baadaye zikaja dadu na kadi, na watu wa miji ya mbali wakawa wanacheza ligi nzima kwa posta, kila mmoja akimwandikia mwenzake matokeo.

"Fikiria," alikuwa akisema, "mtu yuko peke yake chumbani, anarusha dadu, anashindwa, anaandika kuwa ameshindwa. Na hakuna aliyemuona."

Alifundishwa na mwenzake wa chumbani, chuoni, serikali ilipompeleka Marekani kusoma historia. Walicheza kipindi kimoja cha baridi, theluji imewafungia ndani. Siku ya kuagana yule rafiki akampa boksi. Likakaa bila kufunguliwa miaka na miaka, mpaka mjomba alipofiwa na mkewe akahamia kwetu, akalitupa juu ya kabati. Alikuwa akirudi kazini, anakula, anakaa. Hasemi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilitaka aseme, kwa hiyo nikapanda kiti, nikaliteremsha boksi, nikamuuliza hiki nini.

Alikuwa bado ananieleza pale Bibi, mama yake, alipozikuta dadu mezani.

"Nini hizo?"

"Dadu, mama."

"Nnaona kama dadu. Nnauliza zinafanya nini ndani ya nyumba nnayosali."

"Mchezo tu. Hakuna pesa."

"Sikuuliza pesa. Dadu zimekatazwa, ziwe na pesa, zisiwe na pesa. Karata chezeni, dhumna chezeni. Dadu hazilali hapa."

Mjomba alikuwa mtu wa miaka hamsini, na wizarani watu walisimama akiingia. Akazikusanya dadu, akazitia mfukoni, akatoka nazo. Sikuziona tena. Kwetu mtu habishani na mama yake akiwa amesimama, na Bibi alikuwa amesimama.

Kesho yake akanipigia simu kutoka kazini, sauti imechangamka kama ya mtu mwingine. "Mwanangu, chukua karatasi ngumu, andika mbili hadi kumi na mbili, kata, kunja, tia kwenye kitu. Hatutarusha. Tutachota." Nikakata vikaratasi kumi na kimoja kwa unadhifu wote niliokuwa nao, nikavitia ndani ya kopo la halwa lililooshwa. Bibi akalichukua kopo, akalitikisa, akachungulia.

"Hii kura," akasema. "Kura haina neno."

Na kuanzia siku hiyo mchotaji akawa yeye. Alikaa kati yetu, anatia mkono, anasema bismillahi, anatoa, ananipa nisome. Vituo na duru, zile zamu tisa za kila mechi, havikumshughulisha. Alichagua mchezaji mmoja anayepiga kwa mkono wa kushoto, akampenda, akamwita "wangu wa shoto", na kila kadi yake ilipofika mezani alilitikisa kopo mara mbili zaidi.

Mjomba aliweka sharti moja. Mechi haikufungwa daftarini mpaka matokeo yaandikiwe sababu. "Nambari peke yake si historia," alisema. "Niambie kwa nini." Kazi hiyo akanipa mimi, na haikuwa kazi ndogo, kwa sababu mechi zetu zilikuwa za ajabu. Ishirini na tatu kwa kumi na tisa. Thelathini na moja kwa ishirini na nane. Mipira ilivuka ukuta kama njiwa waliofunguliwa. Ilibidi niseme kitu. Nikaandika kwamba mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, amegombana na nduguye asubuhi na mkono haumtii. Nikaandika kwamba upepo wa joto umeshuka kutoka milimani na hakuna mpira uliokubali kuanguka. Mjomba anasoma, miwani juu ya paji la uso.

"Upepo uliutumia wiki iliyopita. Tafuta nyengine."

Natafuta. Nikilala nawaza mrushaji wa timu ya pili ana nini moyoni hata akakubali kupigwa hivi. Nilipoanza kuandika riwaya, watu wa jumuiya yetu ya waandishi waliniuliza nimejifunza wapi. Nilikuwa nimejifunza kutafutia udhuru watu wa kadibodi.

Mwaka huu yule rafiki wa mjomba akaandika kwamba anakuja. Atashuka na bintiye kwenye meli ya watalii, akae siku nne kwenye hoteli ya Qurum, na jambo la kwanza analotaka ni kuiona ligi. Kwa miaka yote hiyo mjomba alikuwa akimtumia matokeo kwa simu. Akapeleka madaftari yote manne kujalidiwa upya. Akanunua meza. Akamuuliza Bibi mara tatu ataandaa nini, mpaka Bibi akamwambia, "Nikuulize, anakuja mgeni au unaposa?"

Ijumaa kabla ya ugeni nilikuwa mtaa wa Darsait, kwenye chumba cha rafiki yangu mshairi, Mtanzania wa bara anayefanya kazi saluni. Wenzetu wawili walikuwa wanacheza ludo kwa dadu mbili, na kila baada ya muda mmoja wao alipiga kelele, "Saba tena! Hii dadu imerogwa!"

"Haijarogwa," rafiki yangu akasema, anakaanga vitumbua, hata hakugeuka. "Saba ina njia sita, wewe. Moja na sita, sita na moja, mbili na tano, tano na mbili, tatu na nne, nne na tatu. Mbili ina njia moja tu, moja na moja. Mtu akikaa anangoja mbili atazeeka hapo hapo kwenye mkeka."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kitumbua, na mafuta yananichuruzika mkononi.

Kwa sababu kwenye kopo letu mbili ilikuwa na kikaratasi kimoja, na saba kikaratasi kimoja. Kwenye kadi zetu, saba ndiyo nambari ya kushindwa: umedakwa, umetoka, kaa chini. Mbili ndiyo mpira unaovuka ukuta. Watengenezaji waliiweka mbili kuwa nadra kwa makusudi, ili mchezaji wa kadi acheze kama alivyocheza mwenyewe uwanjani. Sisi tuliipa nafasi sawa na nambari nyingine zote. Vikaratasi vilitakiwa viwe thelathini na sita. Mimi nilikata kumi na kimoja.

Nilifikiria kunyamaza. Lakini mgeni ndiye mwalimu wa mchezo. Angefungua ukurasa mmoja tu na angejua. Ni bora mjomba asikie kwangu kuliko aone usoni mwa rafiki yake.

Nikamwambia kesho yake, baada ya alasiri. Alikuwa anafuta vumbi kwenye majalada mapya. Alinisikiliza, kisha akahesabu kwa vidole, polepole, mara mbili.

"Yaani saba ilitakiwa itoke mara ngapi?"

"Sita katika thelathini na sita, mjomba."

"Na mbili?"

"Moja."

Akafungua daftari la tatu. "Yule wa shoto amevusha mipira tisini na mbili kwa msimu mmoja."

"Ndiyo."

"Nimemwandikia rafiki yangu. Nilimwambia kwamba huku Maskati, yule wa shoto kawapita wote waliowahi kuzaliwa." Akakaa kitako. "Akanijibu neno moja. Ajabu."

Nikataka kucheka na nikashukuru kwamba sikucheka, maana macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Miaka kumi na minne," akasema, "nnaandika uongo kwa hati nzuri."

Akayachukua madaftari, akayarudisha juu ya kabati alikokuwa amelitupa boksi zamani, akasema atamwambia mgeni anaumwa. Nilimuona amekaa tena vile alivyokuwa akikaa mwaka ule aliohamia kwetu, mikono juu ya magoti, na nikaogopa. Nikaenda kumwita Bibi.

Alikuja na fimbo yake. "Kafa nani?"

"Hesabu, mama," mjomba akasema.

Nikamweleza Bibi nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mimi nikichota kumi, ukiandika kumi?"

"Nikiandika kumi."

"Nikichota mbili, ukiandika nini?"

"Mbili, mama."

"Basi uongo uko wapi? Kopo ndilo lililokosea, wewe umeandika lilichosema kopo. Mtu katoka kwao kavuka bahari zote hizo, wewe umwambie unaumwa? Huo ndio uongo." Akanigeukia mimi. "Vinatakiwa vingapi?"

"Thelathini na sita."

"Lete mkasi. Wewe kata, mimi ntakunja. Na yule wangu wa shoto," akaongeza, akimnyooshea mjomba fimbo, "tisini na mbili zake hazifutwi. Nshakwambia."

Tulikata na kukunja mpaka adhana. Mjomba alitutazama tu. Madaftari hakuyashusha.

Mgeni alifika Jumatatu, mzee mrefu, magoti hayampindiki vizuri, bintiye kamshika mkono. Walikumbatiana mlangoni muda mrefu kuliko walivyozoea wanaume wa kwetu. Akala halwa, akanywa vikombe vitatu vya kahawa kwa sababu hakujua kukitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, na Bibi akaendelea kummiminia huku akimsifu kwa Kiswahili kwamba ana kifua cha kunywa. Kisha mgeni akaweka kikombe chini, akauliza, "Haya, yuko wapi yule wa mkono wa kushoto?"

Mjomba akainuka. Nilidhani anakwenda chumbani kwake. Akavuta kiti hadi kabatini, akapanda mwenyewe, akayateremsha madaftari, akayaweka mbele ya mgeni na kuyawekea mkono juu yasifunguliwe. Akamwambia yote, kwa Kiingereza chake kile cha kitabuni: dadu, mama yake, kopo, nambari. Hakutaja kwamba mimi ndiye niliyekata. Alisema, "Nilikosea."

Mgeni akaomba kuviona vikaratasi. Akavimwaga kiganjani, vile kumi na kimoja, vimechakaa kwa jasho la mkono wa Bibi, akavihesabu, kisha akacheka hata akavua miwani. Mjomba alikaa wima, anangoja kicheko kiishe.

"Nilikuamini," mgeni akasema, anajifuta macho. "Yale matokeo. Nilikuwa nawasomea nyumbani wakati wa chai. Wakiniuliza inawezekanaje, nawaambia Omani kuna joto, mpira unaruka mbali." Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye maandishi yangu ya kitoto kando ya nambari. "Hizi sababu ulizokuwa ukinitafsiria. Nani angeyasoma haya asiamini?"

Hapo mjomba akacheka, kwanza puani, kisha kifua kizima, na akanitazama mimi.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Kama ningekata vikaratasi thelathini na sita nikiwa na miaka kumi na mmoja, mchezo ungejieleza wenyewe. Tatu kwa mbili, nne kwa moja, nani anahitaji mtunzi? Nashukuru kwa ujinga wangu. Nashukuru kwa mwanamke aliyekataa dadu, na kwa mwanawe aliyezitoa nje bila neno. Na namshukuru huyu mgeni aliyemwachia mwenzake boksi, akarudi zake.

Wakacheza. Kopo lilikuwa zito sasa. Bibi akachota: saba. Saba. Nane. Sita. Saba. Nusu saa nzima hakuna aliyefika hata kituo cha pili.

"Mbona mchezo umekufa?" Bibi akauliza.

"Ndivyo ulivyo, mama. Ndio wenyewe huu."

"Lo! Na watu wanatoka majumbani kwao kwenda kuutazama?"

Wale wazee wawili hawakumsikia. Walikuwa wameinama juu ya kadi, vichwa vimekaribiana, wanangoja, na kila kikaratasi kilipofunguliwa walivuta pumzi pamoja. Mgeni alishinda, mbili kwa moja. Wangu wa shoto alidakwa mara nne, na Bibi akasema kopo sasa lina kijicho.

Tukawarudisha Qurum kabla ya magharibi, mimi naendesha. Tulipobaki wawili garini na kuingia barabara kuu, nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba kushindwa kumemuumiza. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Umemuona?" akasema ghafla. "Duru ya saba. Ana mtu kituo cha tatu, wawili washatoka, mrushaji wangu amechoka. Kwa nini hakumbadilisha mpigaji? Eh? Alikuwa na yule kijana mzuri kakaa tu benchi!"

"Lakini ameshinda, mjomba."

"Kushinda si hoja! Kesho anarudi, ntamuuliza. Mtu huwezi kumuacha mpigaji dhaifu pale. Chuoni alikuwa hivi hivi, mbishi, ukimwambia anakutolea macho. Na mimi pia nna kosa, nnakiri, duru ya tano nilitakiwa..."

Akaanza duru ya tano, mikono inachora viwanja hewani mbele ya kioo. Njia ya kuingilia kwetu, Hail, ikaja upande wa kulia. Nikaipita. Nikashika njia ya Barka, mji wa mbele zaidi, nikapunguza mwendo, nikamwacha azimalize duru zote tisa.