Taa Mbili za Mbele

Jioni moja siisahau, mwanangu Nabwire, na Mungu anajua nimejaribu. Ningekwenda nayo kaburini kama usingenitumia ile picha kwenye simu. Umeandika: "Baba, nimepata taa nzuri za baiskeli hapa Busitema, zinauzwa mbili mbili. Nizifunge zote mbele, moja huku moja kule, kama gari?" Halafu ukaweka vile viuso vinavyocheka. Niliitazama ile picha, chakula kikanishinda. Mama yako akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Nikamwambia mtoto ni mzima, mgonjwa ni mimi.

Swali lako ni la taa, na nitalijibu. Usiwe na haraka. Nitalijibu kwa njia ndefu, maana njia fupi nimeipita miaka yote hii na haikunifikisha popote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kichwa kimevimba hivi. Siku hizo pikipiki zilikuwa chache, na mizigo mingi ya mpakani ilibebwa na sisi wa baiskeli. Nilichukua sabuni, chumvi na viberiti Busia, upande wa Kenya, nikafunga kwenye karia, nikapeleka Nagongera siku ya soko. Ni mwendo wa kutoa jasho, hasa ukiwa na mzigo. Usiku wa soko nililala kwa rafiki yangu, njia ya kwenda Mwello, nikarudi kesho yake. Huko ndiko nilikomwona mama yako, Akoth, akiuza njugu na mama yake. Nilinunua njugu mpaka rafiki yangu akanikataza kumletea nyingine nyumbani.

Mama yake, yaani bibi yako, alijifanya hanioni. Ilikuwa sawa. Barua yetu ya kwanza ya posa ilikuwa imeshapelekwa kwao, na mila unaijua: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kutazama pembeni. Hiyo ni heshima, wala si chuki. Kwa hiyo nikifika pale kwenye njugu, yeye aligeuza shingo upande, nami nikaongea na Akoth huku natazama chini. Nilimpenda yule mama, nakwambia kweli. Alikuwa na sauti nzito na alicheka kwa tumbo zima.

Sasa, taa. Pale Busia palikuwa na fundi baiskeli, mzee mmoja mfupi, mkali, aliyeuza dainamo. Dainamo unaijua? Kile kichupa cha chuma unachokilaza kwenye tairi, tairi likizunguka kinalia vuuu na taa inawaka. Ukisimama inazima. Iliuzwa na taa mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma. Mimi nikamwambia fundi ile nyekundu abaki nayo, anipe nyeupe ya pili.

"Ya nyuma hutaki?" akaniuliza.

"Ya nyuma ya nini, Mzee? Mimi siendi nyuma!"

Vijana waliokuwa pale wakacheka, nami nikafurahi kuchekesha. Fundi hakucheka. Alisema, "Wewe kijana, hiyo ya nyuma haikuwa yako. Ilikuwa ya mwenye lori." Nikamwona mzee wa maneno mengi. Nikachukua taa zangu mbili, nikafunga ubao wa futi tatu kwenye usukani, nikaweka taa moja kila mwisho wa ubao. Ukiniona gizani kwa mbali, ungeapa ni gari, ila tu betri yake mbovu.

Lo, nilivyojiona! Watoto wa njia nzima waliniita Lori. Na sasa nakuja kwenye jambo ambalo linaniumiza mkono hata kuliandika: watu waliruka. Barabara ile ya vumbi ni nyembamba, na ukiona gari usiku unaacha njia lipite. Wanaume wenye mizigo, kina mama wenye maji kichwani, wote walijitupa pembeni. Halafu napita mimi na baiskeli yangu, vuuu, na wao wanabaki wanatukana. Mimi nacheka. Nilikuwa nasimulia sokoni nani aliruka na aliruka namna gani, mpaka mtu mzima mmoja niliigiza alivyoshika kofia. Watu walinipa soda kwa ajili ya hadithi hizo.

Jioni hiyo nilitoka sokoni giza likiwa limeshaingia, naelekea kwa rafiki yangu. Mama yako siku hiyo hakuja sokoni, alikuwa na malaria. Mbele yangu nikaona kama mtu anatembea na kitu kichwani. Nikakanyaga pedali zaidi ili taa ziwake vizuri. Ndiyo, Nabwire. Niliongeza mwendo makusudi. Yule mtu akageuka, akaona macho mawili ya gari yanakuja, akaruka. Upande aliorukia palikuwa na mtaro uliochimbwa upya, wenye kina cha mtu mzima mpaka kifuani, na mawe chini.

Nilisikia beseni likigonga mawe. Nikacheka. Nilikwenda hatua ishirini hivi, bado nacheka, ndipo nikasikia mlio ambao si wa mtu anayetukana. Nikarudi nikisukuma baiskeli. Tairi lilikuwa linazunguka polepole na taa zinawaka kidogo, zinafifia, zinawaka kidogo. Kwa mwanga huo nikaona njugu zimemwagika, nikaona gauni, nikaona mguu umekaa vibaya. Nikasimama. Dainamo ikasimama, taa zikafa.

"Nani huyo?" akaita kutoka mtaroni. "Mtu yuko? Njoo nisaidie, mtoto wa watu, mguu yangu imeenda."

Ile sauti nzito niliijua pale pale.

Nitakuambia nilichojiambia, kwa sababu nilikisema moyoni kwa maneno kabisa, kama mtu anayeandika barua. Nilijiambia: huyu ni mama mkwe wangu, simgusi, mila inakataza, nikimshika nitamvunjia heshima. Umesikia? Mama wa watu amelala mtaroni na mguu umevunjika, na mimi nafikiria heshima! Mila yenyewe haikatazi hivyo. Kungekuwa na moto, kungekuwa na maji, mkwe anamtoa mama mkwe na wazee wanapatanisha kwa kuku. Hilo nililijua tangu utotoni. Nilichoogopa ni kimoja tu: kwamba atanijua, na Akoth nitamkosa. Nikaichukua mila, nikajifunika nayo.

Sikujibu neno. Niliinua dainamo kutoka kwenye tairi, taratibu, isije ikalia na taa zikawaka. Halafu nikaisukuma baiskeli gizani kwa miguu mpaka nikapita kona. Nyuma yangu alikuwa bado anaita, "Mtoto wa watu! Mtoto wa watu!"

Mwanangu, sijawahi kuambiwa neno zuri kama hilo na mtu niliyekuwa namtenda vibaya vile.

Watu waliokuwa wanatoka kwenye maombi walimkuta baada ya muda mrefu, wakambeba kwa baiskeli. Mfupa ulivunjika chini ya goti, ukaungwa vibaya. Mimi alfajiri nilifungua ule ubao nikauchoma jikoni kwa rafiki yangu, nikasema taa moja imeungua. Nikatuma sukari kilo mbili kwa mgonjwa, na salamu za pole. Pole! Mimi!

Miezi ilipita, ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwao. Nilivaa koti la kuazima. Upande wetu tulikaa huku, wao kule, na bibi yako akatoka ndani akiwa na fimbo, akitupa mguu pembeni kama unavyomjua wewe, akakaa na wanawake wenzake akitugeuzia mgongo. Kaka yake alikuwa msemaji wao. Akataja ng'ombe, mbuzi, gauni la gomesi la mama, kanzu ya baba, kila kitu kwa mzaha na vigelegele, kama inavyokuwa. Halafu akainama, bibi yako akamnong'oneza. Akasimama tena, uso wake mwenyewe umejaa mshangao.

"Mama yetu nasema iko kitu ingine," akasema. "Anataka taa ya baisikeli. Moja. Anasema mwambie vizuri, moja, si mbili."

Uwanja mzima ukacheka. Bibi hana baiskeli, hajapanda baiskeli maisha yake! Wakasema mama mkwe ana vituko. Baba yangu aliyekuwa pembeni yangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitazama viatu vyangu, jasho likanitoka ndani ya lile koti mpaka likageuka rangi mgongoni. Alijua, kumbe. Na amenyamaza, na ananipa binti yake mbele ya watu wote, na kunikemea amenikemea kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyesikia.

Taa niliipeleka. Moja. Aliiweka wapi sijui, mkwe haulizi.

Ungedhani baada ya hapo ningesema. Sikusema. Nilipata njia ya kujifariji, na nimeitumia miaka yote: anajua nilipita, lakini hajui nilisimama. Anadhani mkwe wake alikuwa kijana mjinga aliyepita mbio bila kusikia. Ujinga unasameheka. Nikakaa juu ya faraja hiyo. Ninyi mkazaliwa, mkakua, na wewe ukiwa na miaka sita uliniuliza mbele ya wageni, "Baba, bibi aliumia wapi?" Nikakujibu, "Alianguka mtaroni, wazee huanguka." Mzee gani? Siku ile bibi yako alikuwa hajafika umri nilio nao mimi leo.

Basi usiku wa ile picha yako nilimwambia mama yako. Nilimwambia yote, mpaka dainamo. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Alipomaliza akasema, "Kila baridi ikija namkanda mama ule mguu, na wewe umekaa pale nje unatusikia." Asubuhi akachukua mfuko wake akaenda kwao Nagongera, na ndiyo maana wiki nzima simu yake ulipoipiga alikuambia yuko safarini. Sikumfuata. Nilimwomba jambo moja tu, amfikishie mama yake kwamba nilisimama, kwamba nilimsikia, na kwamba naomba msamaha.

Amerudi Jumapili. Ameweka mfuko chini, ameniletea chai, amekaa. Nikamwuliza mama amesemaje. Akasema mama alicheka kidogo, halafu akasema: "Mwambie najua alisimama. Nilimsikia anapumua."

Nabwire, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu njiani, na nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Miaka yote amenisikia nikipumua. Kila Krismasi nilipomtumia kuku, kila nilipopita mbali nikiinamisha kichwa kwa heshima, yule mama alikuwa anajua heshima yangu ina uzito gani. Na kila mwaka ametuma njugu.

Haya, taa zako. Nyekundu ya nyuma nunua kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana barabara hiyo ya Tororo ina malori na dereva hawezi kukwepa asichokiona. Ya mbele iwe moja, nyeupe, ifunge katikati ya usukani na uiinamishe itazame barabara hatua kumi mbele yako, isitazame macho ya watu. Zile za kumetameta rangi rangi waachie wenye harusi. Ichaji kabla jua halijazama, usingoje giza. Na kama muuzaji anakataa kuzigawa, nunua zote mbili, moja mpe mwenzako unayekaa naye. Unaweka taa ili uone, ndiyo, lakini zaidi ili anayekuja ajue wewe ni nani: ni mtu juu ya baiskeli, si gari, si jini, mtu tu, na njia inatutosha wote.

La mwisho si la taa. Siku moja utamwangusha mtu. Kwa baiskeli, kwa mdomo, kwa kalamu huko ofisini utakakofika, sijui, lakini utamwangusha, kwa sababu wewe ni binti yangu na ni mtu. Siku hiyo rudi. Ukirudi, usisimame kimya. Taja jina lako, hata kama utapoteza unachokipenda. Mimi sikukipoteza, nilikipata chote, mke, watoto, nyumba, na bado sijawahi kula chakula kwa amani nikiukumbuka mguu ule. Usitafute mila ya kujifunika, wala dini, wala sheria. Utazipata, zipo nyingi.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe macho ya kuona mapema na miguu ya kurudi haraka. Ufike salama kila jioni, na kila mtu utakayepishana naye gizani afike kwao salama pia, akiwa anatembea kwa miguu yake miwili.