Mfuta Kamba Anadai Jina Lake

Saa tatu asubuhi, pazia limefungwa ili mwanga usipige skrini. Mwanamke huyu, ambaye wenzake humwita Mama Kifutio, amesogeza uso karibu na kompyuta. Kwenye skrini, mwanaanga anaelea ndani ya chombo chake. Ukutani nyuma yake kuna mstari mwembamba mweusi.

“Kivuli cha kamba,” anasema. “Kamba niliifuta, kivuli nikakisahau. Ndiyo makosa yetu sisi wa kazi hii, maana macho yote yanakuwa kwenye kamba.”

Mwigizaji hakuelea. Alining’inizwa kwa kamba mbili ndani ya ghala, huku akilalamikia kiuno. Filamu ni ya dakika kumi na mbili, na dakika nne ni za kuelea. Kila sekunde ina picha ishirini na nne. Piga hesabu: picha elfu tano mia saba na sitini, zikafutwa kamba moja baada ya nyingine na mtu mmoja, miezi mitatu, hadi macho yakawa yanatoa machozi yenyewe.

Kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu yumo fundi aliyeshona suti ya mwanaanga. Yumo mwenye ghala. Hata aliyekodisha viti kaandikwa. Yeye hayumo.

Mwongozaji wa filamu, alipopigiwa simu na mwandishi wa makala haya, hakuona haya hata kidogo. “Tunawaambia watazamaji jamaa alielea kweli,” alisema. “Tukiandika kuna mtu wa kufuta kamba, uchawi umeisha.”

Huo si uchawi. Ni kumla mtu jasho lake mchana kweupe.

Studio moja kubwa iko tayari kumwajiri Mama Kifutio, na imemwomba kitu kimoja tu: filamu yenye jina lake. Hana.

“Nilipomdai mwongozaji jina langu, aliniambia, ‘Kazi yako ikionekana umeharibu, sasa wewe unataka uonekane vipi?’ Nikamjibu, chumvi haionekani kwenye mchuzi, lakini hebu isahau siku moja uone wageni watakavyokuangalia.”

Kinachomuuma zaidi ni mama yake mzazi. Siku ya onyesho la kwanza, bibi huyo alibaki kitini akisoma majina hadi taa zikawashwa na watu wakatoka.

“Akaniuliza, ‘Mwanangu, jina lako lilipita nikiwa napepesa macho?’ Nikamwambia, ‘Ndiyo mama, lilipita.’”

Wiki ijayo filamu inakwenda kwenye shindano, na mwongozaji anataka kivuli kiondoke. Zimebaki picha tatu tu. Zikiisha, anasema Mama Kifutio, hazitoki chumbani humu mpaka aone jina lake limeandikwa. Simu inatetemeka mezani, ya sita kutoka kwa mwongozaji tangu jana. Anaigeuza kifudifudi.

“Siku ya shindano nampeleka mama. Atakaa mpaka mwisho, namjua,” anasema. “Safari hii sitaki kumdanganya.”